Nani anafagia mji baada ya usiku wa Jumamosi?



Kuna kauli moja ambayo sisi tunaoishi huku tunaisikia kila anapokuja mgeni kutoka nyumbani, na wengine wetu tunaisema wenyewe tukirudi likizo: "Wenzetu wazungu ni wasafi, sisi ndo tulivyozaliwa." Nimeisikia harusini, nimeisikia kwenye hitima, na nimeisikia kwa wasomi wenye shahada tatu. Leo naomba nieleze kwa nini naiona kauli hii ni ya makosa, na kwa nini makosa yake si madogo, kwani yanatufanya tukirudi kwetu tupendekeze mambo yatakayowaumiza watu bila ya kuusafisha mji. Nitatumia mfano wa mji ninaoujua vizuri, Cardiff, mji mkuu wa Wales, na khasa mitaa yake ya katikati usiku wa kuamkia Jumapili.

Nianze na kisa. Mwaka 2018 alikuja kunitembelea ami yangu, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, aliyefanya kazi za serikali Unguja kwa muda mrefu na mpaka leo huitwa kwenye vikao vya mtaani kwao. Jumamosi mchana nilimtembeza mjini. Tukapita St Mary Street, tukazunguka madukani, tukakaa kwenye benchi tukanywa chai. Ami muda wote alikuwa anatazama chini.

"Unaona mwanangu, hata karatasi moja hakuna. Hawa watu wamelelewa. Mimi nikirudi nitasema kikaoni, wale wauzaji wa Forodhani waondoshwe wote. Sisi hatujui kula hadharani."

Nikamwambia, "Ami, usiseme kwanza." Sikuongeza neno, maana mtu mzima hujibizani naye njiani.

Basi lake la kwenda uwanja wa ndege wa Heathrow lilikuwa linaondoka usiku ule ule, kabla ya alfajiri. Saa 9 na nusu tulikuwa tayari tumeshatoka nyumbani na wasaa tunao. Nikaegesha gari pembeni, nikamwambia, "Ami, shuka tutembee dakika kumi, unyooshe miguu." Tukaingia St Mary Street ile ile.

Wanaoujua mtaa ule watanielewa. Chini kulikuwa hakukanyagiki. Maboksi ya chipsi yamefunguka na mchuzi wa kari umemwagika, karatasi za kebabu, chupa, vigae vya gilasi, vikombe vya plastiki, vichungi vya sigara kwa mamia. Milango ya maduka tuliyoyasifu mchana imekojolewa. Matapishi kila baada ya hatua chache. Msichana mmoja amekaa ukingoni mwa njia, viatu kavua, analia, na rafiki yake anamtafutia teksi. Vijana wawili wanasukumana na mabaunsa. Na shakwe wamejaa, wakubwa kama kuku, wanapasua mifuko na kugombania mabaki ya nyama. Ami alisimama akashika mkono wangu. "Hapa ndo pale pale pa mchana?" Nikamjibu, "Ndo hapa hapa, ami. Benchi letu lile pale."

Mbele kidogo walikuwapo watu wanne watano wamevaa fulana za kung'aa, na mafagio na makoleo. Mmoja, kijana tu, alitusikia tunavyozungumza akasimamisha fagio. "Jambo sana, papa," akamwambia ami. Alikuwa mtu wa Bukavu. Ami akamuuliza kama hali ni hii kila siku. Kijana akacheka: "Kila juma, papa. Mukirudia asubui, hamutaona kitu."

Tuliporudi garini nilimwambia ami jambo ambalo kwetu nilikuwa sijamwambia mtu. Nilipokuja kusoma Cardiff katika miaka ya 1990, ada ilipopungua, nilifagia mitaa ile ile mwishoni mwa wiki kwa karibu mwaka na nusu. Barua nilizokuwa nikiandika nyumbani zilisema "nafanya kibarua mjini", na kila mtu akidhani niko ofisini. Ami hakusema kitu mpaka tulipofika kituoni.

Sasa tuache kisa, tuingie kwenye maelezo, maana mimi nasomesha jiografia na nataka tulitazame jambo hili kama tunavyotazama mto au soko: kinachoingia kinatoka wapi, na kinatolewa na nani.

Kwanza tuelewe mahali penyewe. Cardiff si mji mkubwa, una watu kiasi cha 360,000, lakini katikati yake ni padogo sana, na kila kitu kimebanwa hapo hapo: kituo cha treni, maduka, baa, klabu, na uwanja wa mpira unaochukua zaidi ya watu 70,000. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1999 kwa jina la Millennium na tokea 2016 unaitwa Principality. Viwanja vingi vya namna hiyo hujengwa pembeni ya mji. Huu uko hatua chache kutoka St Mary Street. Siku ya raga ya kimataifa, mji wote unaingia kwenye mitaa mitatu minne. Halafu kuna kichochoro kiitwacho Caroline Street, ambacho wenyeji wanakiita kwa jina la utani "Chippy Lane", yaani kichochoro cha chipsi, kwa sababu kimejaa wauza chipsi na kebabu. Mtu akitoka baa hupita hapo, hununua boksi lake, hula huku anatembea, na boksi linamalizika akiwa hatua mia au mia mbili mbele, mahali ambapo pengine pipa lipo lakini limeshafurika. Ukiichora ramani ya taka za Cardiff saa 9 za usiku, utaona zinatawanyika kutoka kichochoro hicho kuelekea kituo cha treni na vituo vya teksi.

Sura hii si siri. Mpigapicha Maciej Dakowicz, mtu wa Poland aliyeishi Cardiff, alitoka na kamera yake usiku wa mwisho wa wiki kwa miaka kadhaa, na mwaka 2012 picha zake zilichapishwa kitabu kiitwacho "Cardiff After Dark". Magazeti ya Uingereza yalizitoa na watu wakaona haya. Lakini nani asiyejua kuwa Newcastle, Leeds, Nottingham na Soho ya London nazo zina picha zao?

Pili, kwa nini taka hizi zote huja kwa pamoja? Jibu moja liko kwenye sheria za saa. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya Uingereza ilipunguza saa za kuuza pombe ili wafanyakazi wa viwanda vya silaha wasiende kazini wamelewa. Vita vikesha, saa za kufunga hazikwisha. Mpaka nilipokuja mimi, baa za kawaida zilifunga saa 5 usiku, na klabu zenye ruhusa maalumu ziliendelea mpaka kiasi cha saa 8. Kwa hivyo mji ulikuwa na mawimbi mawili: saa 5 linamwagika wimbi la kwanza, saa 8 la pili. Sisi wafagiaji tuliyajua mawimbi haya kama mvuvi anavyojua maji kujaa na kupwa. Wales yenyewe ina historia kali zaidi. Sheria ya mwaka 1881 ilizifunga baa zote za Wales siku za Jumapili, na ingawa tokea 1961 kila wilaya iliruhusiwa kupiga kura ijiamulie, wilaya ya mwisho, Dwyfor, ilifungua baa zake Jumapili mwaka 1996. Yaani miaka ile ninafagia, kaskazini ya nchi hii hii ndo kwanza watu walikuwa wanaruhusiwa.

Halafu ikaja Sheria ya Leseni ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika tarehe 24 Novemba 2005. Ikaondoa saa moja ya kufunga na kila mahali pakaomba saa zake. Hoja ilikuwa kwamba watu wakitoka kidogo kidogo hakutakuwa na msongamano wala ngumi. Kwa upande wa mfagiaji, maana yake ni kuwa maji hayapwi tena. Zamani saa 9 ulikuwa unaanza kazi na njia ni tupu. Siku hizi unafagia kati ya miguu ya watu, na nyuma yako panachafuka tena. Mwaka 2007, tarehe 2 Aprili, Wales ikapiga marufuku uvutaji sigara ndani ya baa, na England ikafuata tarehe 1 Julai. Kwa afya ni sheria nzuri sana, mimi naiunga mkono. Lakini vichungi vilivyokuwa vinaingia kwenye visahani mezani vikahamia njiani, na kichungi cha sigara watu hudhani ni pamba, kumbe ni aina ya plastiki, hakiozi haraka, na mvua hukipeleka mitaroni na mwisho baharini.

Tatu, kazi yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye siri ya "usafi wa wazungu". Kazi huanza na watu wa fagio. Hawa hutoa taka kwenye pembe, chini ya madirisha na ndani ya vibaraza vya milango, mahali ambapo mashine haifiki, na kuzisukuma katikati ya njia. Chupa nzima huokotwa kwa mkono, maana ikipita mashine huvunjika. Kisha huja gari dogo lenye mafagio ya duara chini, linalofagia na kufyonza. Kisha maji. Matapishi na mkojo havifagiliki, vinataka maji ya moto na dawa, na mafuta ya chipsi yakiingia kwenye mawe ya njia yanateleza na kufanya jiwe liwe jeusi, kwa hivyo hutumika mashine za kusukuma maji ya moto kwa nguvu. Bazoka ndiyo mbaya zaidi. Imetengenezwa kwa kitu cha jamii ya mpira, haiyeyuki kwa mvua wala jua, na lazima ibanduliwe moja moja kwa mvuke. Yote haya yamalizike kabla magari ya kuleta bidhaa hayajaanza kuingia na kabla mwenye duka hajafungua mlango. Ukichelewa, shakwe wameshafanya kazi yao, na shakwe huyu analindwa na sheria, huwezi kumgusa.

Mimi nilikuwa mtu wa fagio. Baridi ya Januari fagio linaganda mkononi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mlevi hukutazama kama nguzo ya taa. Kuna aliyenimwagia kopo la bia miguuni huku anazungumza na mwenzake, na hakujua kama kamwaga kwa mtu. Lakini saa 2 asubuhi mji ulikuwa unang'aa, na familia zinazokwenda kanisani na madukani zilipita hapo hapo bila ya kujua kitu. Ami alipita hapo akasema watu wamelelewa. Hapana. Njia ilikuwa imefagiliwa.

Na ilifagiliwa kwa sababu sheria inalazimisha. Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya mwaka 1990 inamfanya mtu anayetupa taka kuwa mkosaji, lakini papo hapo inaipa halmashauri wajibu wa kuziweka barabara safi. Mwananchi akiona halmashauri haitimizi, anaweza kwenda mahakamani kuomba ilazimishwe. Kuna mwongozo unaopanga usafi wa njia kwa daraja, kutoka A, yaani hakuna taka kabisa, mpaka D, na unasema mahali penye watu wengi parudishwe kwenye usafi haraka zaidi kuliko pasipo na watu. Hebu fikirini maana ya jambo hili. Watunga sheria hawakutegemea tabia njema. Walijua watu watatupa, wakaweka faini, na pia wakaweka mtu wa kuzoa. Faini zenyewe wamekuwa wakizipandisha: England kiwango cha juu kabisa ambacho halmashauri inaweza kumtoza mtu papo kwa papo kilikuwa pauni 80, kikapanda mpaka 150 mwaka 2018, na 500 mwaka 2023. Kama kweli ni watu waliolelewa, faini ya pauni 500 ya nini?

Nne, na hapa ndipo penye ugomvi: nani analipa? Taka zinazobaki ndani ya baa ni za mwenye baa, lazima alipe zichukuliwe. Lakini boksi likishatoka mlangoni na mteja, likaanguka hatua mia mbele, limekuwa taka ya barabarani, na mzigo umehamia kwa halmashauri. Mwongozo wa serikali unaofuatana na Sheria ya Leseni unasema wazi kwamba mteja akishaondoka eneo la karibu na baa, vitendo vyake ni jukumu lake mwenyewe mbele ya sheria. Ni sawa kisheria, lakini mteja huyo saa 9 za usiku hajulikani jina wala anwani. Kwa hivyo faida ya usiku imeingia kwenye kaunta, na gharama ya asubuhi imekwenda kwenye kodi ya nyumba anayolipa bibi kizee asiyetoka nje baada ya magharibi.

Wenye baa wana jibu lao, na si la kupuuzwa. Wanasema: sisi tunalipa kodi ya majengo, tunaajiri vijana, na bila sisi katikati ya mji pangekufa. Ni kweli. Ndo maana zimejaribiwa njia mbili za kugawana mzigo. Sheria ya mwaka 2011 iliziruhusu halmashauri kutoza ada ya usiku kwa wanaouza pombe baina ya saa 6 usiku na saa 12 asubuhi. Newcastle ilikuwa ya kwanza kuianzisha, Novemba 2013. Ada ni kuanzia pauni 299 kwa mwaka kwa mahali padogo mpaka 4,440 kwa baa kubwa. Ila angalieni: angalau asilimia 70 ya kinachobaki baada ya gharama ilipangwa iende polisi, na kilichosalia ndo halmashauri itumie, pamoja na kufagia. Tena sheria hiyo ilivyoanza iliwagusa wauza pombe tu, haikumgusa muuza chipsi, ambaye maboksi yake ndo yamejaa njiani! Njia ya pili ni wafanyabiashara wa eneo kupiga kura wajitoze wenyewe, kwa muda usiozidi miaka mitano mitano, na fedha zitumike hapo hapo. Cardiff wafanyabiashara wa katikati ya mji walipiga kura hiyo mwaka 2016 wakakubali. Mimi nadhani njia hii ina haki zaidi, kwani anayelipa anaona kinachofanyika nje ya mlango wake.

Na vifungashio navyo vimeguswa. Tokea tarehe 30 Oktoba 2023 Wales imepiga marufuku yale maboksi meupe ya povu la plastiki na uma na visu vya plastiki. Boksi sasa ni la karatasi ngumu. Bado linatupwa chini, lakini angalau haliruki na upepo vipande vipande mpaka mtoni Taff.

Fujo nazo zina somo lake, na somo hili Cardiff imelifundisha dunia. Daktari wa upasuaji wa mdomo na taya, Profesa Jonathan Shepherd, aliona kuwa watu wengi anaowashona nyuso baada ya kupigwa gilasi walikuwa hawajulikani na polisi kabisa, maana hawakuripoti. Akashauri hospitali iandike, bila ya majina, mtu kaumizwa wapi, saa ngapi na kwa kitu gani, na taarifa hizo wapewe polisi na halmashauri wajue ni baa ipi na kona ipi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kwenye British Medical Journal ulionesha kuwa waliolazwa kwa majeraha ya ugomvi Cardiff walipungua kutoka 7 hadi 5 kwa mwezi kwa kila watu 100,000, wakati miji mingine ya aina yake ilipanda kutoka 5 hadi 8. Hakuna aliyebadilisha tabia za watu wa Cardiff. Kilichobadilika ni kuwa waliacha kulaumu na wakaanza kuhesabu.

Najua kuna ndugu ameshaanza kuandika jibu: "Bwana we, tatizo ni pombe, pombe ni haramu, yamekwisha." Pombe ni haramu kwetu, hilo hatubishani, na matapishi na ngumi za St Mary Street zinatokana nayo. Lakini boksi la chipsi halikulewa. Tukumbuke Mnazi Mmoja asubuhi baada ya usiku wa sikukuu, viwanja tulivyochezea wenyewe tukiwa watoto. Hapakuwa na mlevi pale. Palikuwa na karatasi, maganda, vijiti na mabua ya miwa, kwa sababu watu wengi wamekula pamoja mahali pamoja kwa saa chache. Watu wakikusanyika usiku wakala, taka zitabaki, wawe walevi au wawe wametoka kuswali.

Na hapo ndipo nawarudisha Forodhani, kwa sababu ndiko ami alikotaka kupeleka hukumu yake. Bustani ile ilifunguliwa mwaka 1936 kwa ajili ya jubilii ya Sultani Khalifa, na ikatengenezwa upya na taasisi ya Aga Khan ikafunguliwa tena 2009. Jioni mahali hapo ni riziki ya watu: mishikaki, urojo, maji ya miwa, chapati za mayai ambazo watalii wanaziita pizza. Ukitazama pale kwa jicho la "sisi hatujalelewa", dawa itakuwa kumfukuza muuza mishikaki. Ukitazama kwa jicho la Cardiff saa 9 za usiku, utauliza maswali mengine. Jee, mapipa yako wapi, mlangoni kwa muuzaji au pale ambapo mtu anamaliza kula? Kijiti na kisahani ni vya kitu gani? Zanzibar ilishapiga marufuku mifuko ya plastiki miaka mingi kabla ya bara kufanya hivyo Juni 2019, kwa hivyo sheria ya kugusa vifungashio si ngeni kwetu. Nani anafagia saa 6 za usiku wauzaji wakishaondoka, ni wangapi, wana glavu, wanalipwa nini na na nani? Hoteli zinazomleta mgeni kula pale zinachangia kitu?

Haya ni maswali ya kazi, ya sheria na ya fedha. Yanajibika. Swali la "kwa nini sisi wachafu" halijibiki, ndo maana tunalipenda, maana halimdai mtu yeyote afanye kitu.

Tena tusijidanganye kuhusu anayefagia. Huku Cardiff ni kijana wa Bukavu na wenzake wa Poland na wa Wales wenyewe. Walioko Maskati na Dubai wanajua kuwa wanaofagia barabara zile zinazosifiwa wengi ni Wabangladeshi na Wahindi, kwenye joto ambalo sisi tunalikimbia kwa viyoyozi. Tunapousifu mji na kusema "wenyeji wastaarabu", tunakuwa tumemfuta mtu mwenye fagio. Mimi nilifutwa hivyo, na nikajifuta mwenyewe kwenye barua zangu, kwa hivyo nalisema kwa uchungu kidogo, mtanisamehe.

Ami alinipigia simu wiki tatu baada ya kurudi. Alikwenda kwenye kikao chao cha mtaani kama alivyoahidi, lakini la wauzaji hakulisema. "Nimewauliza swali moja tu," akaniambia. "Nimewauliza, baada ya saa sita nani anafagia? Wakatazamana." Kisha akanyamaza, akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: wakati ule nafagia, kama nilikuwa nakula vizuri, na kwa nini sikuandika wakaniletea kitu. Nikamwambia nilikuwa nakula, alhamdulillah, na chipsi za Caroline Street zilikuwa rahisi.

Ningependa kusikia kutoka kwa walioko London, Toronto, Minneapolis, Maskati na kwengineko. Huko kwenu nani anafagia, saa ngapi, na bili inakwenda kwa nani? Tukikusanya majibu hayo, tutakuwa na kitu cha maana cha kupeleka nyumbani kuliko lawama.

Wabillahi tawfiq.